Nani Atatunyoa Matanga Yako

Simbeye, kibuyu wangu,

Nakuandikia kwa kipande cha penseli, na mwandiko wangu unaujua. Yule mwalimu wa misheni alisema kuku wa mama yake angeandika vizuri kuliko mimi. Vumilia. Sasa huna pa kukimbilia.

Kwanza habari ya kichwa changu. Tangu tukufukie hapa Chapwa sikunyolewa mpaka Alhamisi. Nywele zilikuwa zimesimama kama manyoya ya nguchiro, zinawasha, na chawa wamehamia na wake zao. Zote nyeupe, isipokuwa lile shungi jeusi la kisogoni ulilokuwa ukinicheka nalo. "Hapa ndipo unapoficha dhambi zako," ulikuwa ukisema. Bado liko jeusi. Lilikuwa. Nitafika huko.

Mama Yusta, mkeo, yeye bado hajanyolewa, wala wanao, wala ndugu zako waliokuja kutoka Ihanda. Matanga hayajaisha. Desturi unaijua: rafiki wa marehemu ananyolewa kwanza, kisha nyumba nzima inamfuata kwa kinyozi yule yule. Basi wote walikuwa wananitazama kichwani, mimi. Na wewe, mjinga wewe, ndiye uliyekuwa kinyozi wetu. Umekwenda bila kusema nani atatunyoa matanga yako.

Wapo wawili. Wa kwanza Yohana, mpwa wako, aliyerithi wembe wako na kigoda chako. Nywele anazikusanya vizuri, simsingizii. Anazifukia nyuma ya nyumba kwenye shimo lako, hata moja haipeperuki. Lakini maji hataki. Wewe ulikuwa unachemsha maji kwenye kopo la mafuta, unauzamisha wembe kabla ya kila kichwa, nami nakuuliza, "Leo unapika mchuzi wa chuma?" Unanijibu, "Tulia, nisije nikakunyoa ulimi." Yohana anafuta wembe kwenye suruali, anaita mwingine. Yule mzee wa Hasamba, mkulima wa kahawa, aliondoka pale na mkwaruzo mdogo juu ya sikio. Baadaye taya zikafunga. Akafa mgongo umepinda kama upinde, meno nje, kama anacheka. Nilimwambia Yohana. Akanijibu, "Mjomba, huo ni uchawi wa kwao, mimi nilinyoa tu."

Wa pili hukumkuta. Anaitwa Chanda, Mbemba kutoka ng'ambo ya mpaka, alikuwa akinyoa watu wa migodi ya shaba. Amejenga kibanda cha bati kando ya barabara, ana kioo kirefu kama mlango na mashine ya mkono inayolia kri kri kri. Damu haitoki hata tone. Vijana wanatoka pale wamepakwa poda, wananukia kama harusi. Ungemwonea wivu, ukasema mashine ni za kunyolea kondoo.

Ila nywele anazifagia, anazitia guniani. Mwisho wa juma linakuja lori lililofunikwa turubai, linachukua gunia, linarudi ng'ambo. Nilimwuliza zinakwenda wapi. Akaniambia kwa heshima zake zote, akiniita baba kwa Kibemba, "Ba tata, nywele ikishaanguka si yako tena."

Watu wanasema ni banyama, wale wanaokamata watu na kuwanyonya damu. Eti siku hizi wanachukua nywele kwanza, wapate kujua wamfuate nani. Nilicheka. Nikawaambia hata damu yangu wakiinywa wataharisha. Kisha muuza mkaa mmoja, kichwa kipya cha Chanda, akaenda kutafuta kuni na hakurudi. Kisha fundi baiskeli, naye wa Chanda. Labda wamekimbilia migodini, wanaume huondoka bila kuaga. Labda.

Basi Alhamisi nikaona niwe mjanja. Niliazima shuka ya Mama Yusta, nikaenda kwa Chanda, nikaitandika chini ya kiti. Nikamwambia nywele zangu naondoka nazo zote. Nilingoja ugomvi. Hakugomba. Alinitazama kiooni, akatabasamu, akasema, "Ndiyo, ba tata."

Lori lilikuwa nje, na haikuwa siku yake. Nilimchunga mikono kiooni, utosini, pembeni, masikioni. Alipofika kisogoni sikuona kitu, ila uso wangu mwenyewe, mbaya vile vile. Alipomaliza aliikunja shuka yeye mwenyewe, akaifunga fundo, akanipa kwa mikono miwili. Nikatoa senti zangu. Akazikataa.

"Wewe umeshalipa, ba tata."

Nikaja moja kwa moja hapa kaburini kwako, nikafungua. Nilitafuta unywele mmoja mmoja mpaka jua likazama. Nyeupe. Nyeupe. Kisogo changu ni kitupu, nimekipapasa, kinateleza kama yai. Lakini nyeusi ya lile shungi, hata moja, haimo.

Ungekuwepo ungenicheka kwanza, kisha ungepiga magoti utafute nami.

Mama Yusta aliniona nimenyolewa, akauliza, "Shemeji, basi na sisi twende kwa Chanda?" Nikamwambia haendi mtu. Watasema nimevunja desturi. Waseme. Nimemnyang'anya Yohana wembe wako, amenuna, atapona. Kesho asubuhi nitachemsha maji kwenye kopo lako na kuwanyoa wote kwa mkono huu huu wa mwandiko mbaya. Mkeo atatoka kama shamba la mahindi lililopitiwa na nguruwe, na wanao pia, lakini kila unywele utaingia kwenye shimo lako la nyuma ya nyumba. Nakuahidi hilo, na ahadi nyingine zote nilizokuvunjia usizihesabu.

Nifanye mapema. Lile lori limesimama huku kwetu Chapwa tangu jana, mbali na kibanda cha Chanda. Hajashuka mtu. Mbwa wa jirani alilibwekea, sasa amenyamaza.

Lala, kibuyu. Nikichelewa kuja huko uliko, ujue bado nanyoa. Nikija mapema, usinicheke kabla hujanigeuza ukanitazama kisogo.