Maombi kwa Ajili ya Mtoto wa Kitabuni

Jumapili jioni, Turffontein

Bado nimemkasirikia Mama Neema, ingawa hasira yenyewe imeanza kupoa.

Wiki nzima nasoma kile kitabu cha Kiingereza, cha msichana aliyetekwa na jirani akafungiwa chini ya nyumba. Kinatisha, lakini sikiachi. Saluni, tukiwa tunasuka wateja, namsimulia Mama Neema kwa Kiswahili pale nilipofikia.

Leo nimemsindikiza kanisani kwao. Wakati wa maombi akasimama mbele ya Wakongo wenzake wote, akataja jina la yule msichana. Kanisa zima likapiga magoti. Mchungaji akauliza kama polisi wameshapata fununu. Eish! Nilitamani niingie chini ya benchi.

Tulipotoka nikamvaa. "Mama Neema, si nilikwambia ni hadithi? Huyo mtoto hayupo!"

"Najua, dada," akasema taratibu, kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Lakini kijana wangu, balipomuchukua njiani kule Kivu, nilimuombea kwa jina mpaka watu bakachoka. Sasa nikimutaja, bananihurumia tu. Huyu wa kitabu, bamemuombea na nguvu yote."

Miaka yote tunasuka kichwa kimoja, yeye kushoto, mimi kulia. Nilijua mtoto wake ni Neema tu.

Nimebakiza sura ya mwisho, na usiku huu siifungui. Kesho ataniuliza kama mtoto wa kitabuni amerudi. Kabla hajauliza, nitamuuliza mimi kijana wake anaitwa nani.