Tulipowapeleka Watoto Tendaguru

Lindi

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepungua kukubana? Najua ukungu wa Mtae msimu huu hauna huruma, na najua sweta yako huivai mpaka Kaka Athumani akugombeze. Nambie pia kama maharage ya bondeni yamepona. Mimi mwili mzima, ila moyo umenielemea, na huku sina wa kumwambia.

Juzi juzi mimi na mwenzangu Mwalimu Hamisi tuliwapeleka watoto wa darasa la tano kilima cha Tendaguru. Ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya mijusi ya kale, mikubwa kupita nyumba, wakaisafirisha kwao. Tulitembea tangu alfajiri. Tulikuta mashimo yaliyoota nyasi na vipande vya mifupa vilivyogeuka mawe, basi. Hata hivyo watoto walifurahi. Walipokezana kipande kimoja kizito, kila mmoja akitaka kukipakata kama mtoto mchanga, nami nikacheka nao.

Wakati wa kurudi tukamkosa Somoe.

Huyu ni binti asiye na baba wala mama. Amelelewa na bibi yake. Watu wote wa upande ule wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, na nyumba zao za zamani zimeezuliwa. Bibi naye alihamishwa, lakini akatoroka kurudi kwenye mikorosho yake, akamwacha Somoe kwa jirani ili asome. Sikujua, Mama, kwamba kutoka kilimani hadi nyumba ile ni mwendo mfupi tu. Mtoto alijua.

Wenzake ndio waliotuonyesha njia, tukamkuta huko. Bibi alikuwa amelala mkekani, kwenye kivuli cha ukuta usio na paa, homa inamchoma. Somoe alikuwa anamlowesha midomo kwa maji ya kibuyu chake cha safari. Nikamwambia twende, tutaleta watu wa kumbeba bibi. Akanitazama bila kulia.

"Mwalimu, ukinibeba nitarudi."

Jua lilikuwa linashuka, watoto wameishiwa maji, na pori la kule lina simba kweli. Nikamwomba Hamisi awatangulize watoto, kisha aniletee watu. Mimi nikabaki. Tuliwasha moto mlangoni. Usiku ule sitakusimulia, ila bibi alikuwa ananiita kwa jina la binti yake marehemu, nami nikaitika, maana nilishindwa kukataa. Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kukata roho, na Somoe bado anamlowesha midomo.

Hamisi alifika na wanaume wa kijiji pamoja na mwenyekiti. Mwenyekiti alitaka maiti ikazikwe kijiji kipya, akisema pale si mahali pa watu tena. Somoe akajilaza juu ya bibi yake, akamng'ang'ania. Hapo nilifanya jambo litakalokushtua: nilichukua jembe nikaanza kuchimba kando ya kaburi la babu yake, lililo pale pale nyuma ya nyumba. Mwanamke, tena mwalimu wa serikali, kuchimba kaburi mbele ya wanaume! Ardhi ngumu kama chuma. Baadaye Hamisi akanipokonya jembe akaendelea, na wengine wakafuata. Mwenyekiti aliketi pembeni muda mrefu, halafu naye akaomba zamu. Tukamzika pale pale.

Sasa Somoe yuko kwangu. Hali chakula, wala haongei. Uji namnywesha kwa kijiko, na nusu anautema. Zahanati wamempima, wamesema hana ugonjwa. Nimeitwa wilayani kujieleza kwa mazishi yale, na huenda nikaachishwa kazi, hilo nitalibeba. Nisiloweza kulibeba ni mtoto huyu kunifia mikononi. Kila nikimshika mkono naona umezidi kuwa mwepesi. Nalia nikiandika ubaoni, nimewapa watoto kisogo wasinione.

Mama, Kaka Athumani alipogoma kula baada ya sisi kumzika Baba, ulimfanyaje? Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba siku moja alikula. Niandikie kila ulichofanya, hata kile unachokiona hakina maana. Na likizo ikifika nije naye hapo nyumbani, alale nawe kitandani kwako kama tulivyokuwa tukilala sisi.

Jana nilimweleza kwamba nina mama milimani, mahali pa baridi na maji mengi, atakayempenda. Ndipo akasema, neno lake la kwanza tangu makaburini:

"Mama yako hajahamishwa?"

Barua yenu ya mwisho ni ya zamani, hata mimi sijui. Nijibu upesi, Mama, nipate la kumwambia.

Msalimie Kaka Athumani na mkewe, na shangazi wa Vuga nampa shikamoo yake. Wadogo wote wape mkono wangu. Mtaje Somoe katika dua zenu kama mnavyonitaja mimi.

Ni mimi mwanao asiye na pa kuegemea ila kwako,

Rukia