Sarafu Juu ya Kichwa cha Sindano

Babu,

Nina hasira. Kwa Kinyarwanda nina adabu mno, kwa Kiingereza najibu mitihani. Kukasirika nilijifunzia kwako, kwa Kiswahili chako cha Bujumbura, ukigombana na gramafoni za watu ulizokuwa ukizitengeneza.

Gramafoni yako sasa iko kwenye mgahawa mmoja mtaa wa Kimihurura. Baba mdogo aliipeleka matanga yako yalipoisha tu, pamoja na santuri zote. "Mashine ya mzee isioze hapa Kagarama, watu waisikie." Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Nikaendelea kugawa chai. Unanijua.

Jumamosi nikaenda kuiona. Babu, wameweka sarafu ya faranga mia juu ya kichwa cha sindano, pale mwisho wa mkono! Ati ilikuwa inarukaruka, wakaikandamiza. Na santuri iliyokuwa inazunguka ni ile ya kwaya, ambamo Bibi anaimba peke yake ubeti wa pili. Wewe ulikuwa ukituwekea Pasaka tu, mara moja, ukairudisha kwenye mfuko wake. Wao wanaipiga kutwa, watu wanakula chipsi! Sauti ya Bibi imeanza kukwaruza. Unga mweusi umejaa kwenye ncha, na unga ule ni yeye. Santuri nyingine kama hiyo hatuna.

Mhudumu akaniuliza, "Unapenda vitu vya zamani, eh?" Nikasema ndiyo. Ndiyo tu! Nikamaliza juisi, nikapanda basi.

Sasa sikia, maana hasira iliyobaki ni yangu mwenyewe. Ulipokuwa kitandani uliniuliza, "Sindano umeikagua?" Nikakujibu, "Nimeikagua, Babu, ni nzima." Sikuikagua. Lenzi ilikuwa palepale kwenye droo. Niliogopa nikiikuta imekwisha itabidi nikuambie, na wewe ulikuwa vile... Sasa najua, ilikuwa imelika upande mmoja. Ndiyo maana inaruka. Ile sarafu ni kama niliiweka mimi.

Jana nilirudi na lenzi yako na bisibisi ndogo. Nikauinua mkono wa gramafoni Bibi akiwa katikati ya ubeti. "Weee dada, unafanya nini?" Mgahawa mzima ukageuka. Nikasema, kwa sauti, Babu: "Mnamkata bibi yangu!" Halafu nikampa yule mhudumu lenzi aangalie mwenyewe. Akaangalia, akaangalia tena. "Kumbe imekuwa patasi," akasema, akaniachia nikifungue kichwa. Santuri alinipa yeye mwenyewe, ndani ya mfuko wake.

Baba mdogo amepiga simu anafoka: "Umeniaibisha kwa watu!" Nimemwambia aje kesho, nimwonyeshe kwenye lenzi. Na nitamwambia pia nilivyokudanganya.

Kichwa kiko hapa mezani. Nimekisafisha kwa brashi, kutoka nyuma kuja mbele. Sindano mpya sijaipata. Mpaka niipate na kuikagua kwa macho yangu, santuri hii haigusi mashine yoyote, hata Pasaka ipite kimya. Hilo nakuahidi.

Lala salama, Babu. Msalimie Bibi. Na lile swali lako, jibu lake ni hili: imekwisha.

Mjukuu wako,
Keza