Yule Aliyejiita Sabina

Mwangaluka, habari za asubuhi, mjukuu wangu Kabula. Hapa Mwamanyili tu wazima, babu yako yuko shambani anachuma pamba.

Umeniuliza kama ni vibaya kumficha mama yako habari za huyo rafiki wa kwenye simu, maana rafiki huyo amekuomba usimwambie mtu.

Nilipokuwa sekondari nilikuwa na rafiki wa kalamu. Alijiita Sabina, mwanafunzi kama mimi. Barua zake nilizisoma hadi zikachakaa, nikamtumia na picha yangu. Siku moja akaandika, "Tukutane stendi ya Bariadi. Njoo peke yako, usimwambie mtu." Maneno hayo yakanikaa vibaya. Nikamwonyesha dada yangu, marehemu Minza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Twende wote."

Pale stendi tulimkuta mwanamume mzima, ameshika picha yangu. Alipomwona Minza, akarukia basi lililokuwa linaondoka.

Njia nzima nilimlilia Sabina, msichana ambaye hakuwahi kuwapo. Minza alinishika mkono hadi nyumbani.

Mwonyeshe mama yako hiyo simu leo. Ukiona aibu, nipigie kwanza, nimweleze mimi.

Nakupenda,
Bibi yako, Ngollo