Gari la Silinda Nane Limeshuka Bei, na Mke Wangu Hajui

Mpendwa dada Loice,

Naomba msaada kabla sijaharibu ndoa ya miaka kumi na tisa. Mimi ni Mtanzania, naishi Carrollton, Texas, na miaka minne iliyopita nilinunua Pontiac nyekundu ya mwaka 1969, yale magari ya Kimarekani yenye injini kubwa ya silinda nane ambayo wazee wa huku wanayaita muscle car, nikamaliza akiba yetu yote, na mke wangu Natalia, ambaye ni nesi, alipolalamika nikamwambia, "Mama Glory, hili si gari, hii ni benki, likipanda bei tunauza, wewe unapunguza zamu unarudi chuo," akaniamini. Tangu hapo kila akiuliza najibu "linapanda tu," na mwezi uliopita alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, akaingia nyumbani anarukaruka, "Baba Glory, sasa uza!" Jumapili nikalipeleka kwenye maonyesho ya magari, nikakaa kwenye kiti cha kukunja tangu asubuhi, waliosimama ni wazee watatu na wote wanauza ya kwao, vijana wamejazana kwenye Toyota ya miaka ya tisini wanapiga picha! Mzee Mark, aliyeniuzia, akanishika bega akasema wenzake wanahamia kwenye vijumba visivyo na gereji, wengine wamefariki, na wajukuu hawayataki magari haya. Ofa niliyopata ni theluthi mbili ya nilicholipa. Natalia nimemwambia mnunuzi amesafiri. Dada, nisubiri bei ipande, au nifanyeje?

Modestus

*

Kaka Modestus,

Pole, ila pole yangu ni fupi. Ulinunua ndoto ya mtu mwingine. Mark na wenzake waliyatamani magari hayo wakiwa vijana wasio na kitu. Walipopata pesa wakayagombania, bei ikapaa. Sasa wamezeeka, wanauza kwa pamoja, na kijana wa leo anatamani gari aliloliona yeye utotoni. Wauzaji wakizidi wanunuzi, hata nyanya hushuka bei. Itapanda tena? Labda. Mimi sijui, na wewe hujui, na chuo hakisubiri.

Lakini bei kushuka si dhambi. Dhambi ni miaka minne ya kumlisha mkeo "linapanda tu." Eti mnunuzi amesafiri! Amesafiri kwenda wapi?

Leo Natalia akitoka kazini, mwache ale kwanza, kisha mwambie yote. Usianze na "soko limebadilika." Anza na "nilikudanganya." Halafu chukua ofa hiyo, na pengo lililobaki lizibe wewe kwa jasho lako, si kwa zamu zake.

Wasomaji, sikungoja gazeti litoke. Nilimsomea Modestus jibu hili kwenye simu. Kesho yake akanipigia, sauti nyepesi kabisa.

"Dada, alikuwa anajua! Tangu mwaka jana anaangalia bei kwenye simu akiwa mapumzikoni kazini. Ameshaomba hospitali imsaidie ada, wamekubali kulipa nusu."

"Na hakukasirika?"

"Alikasirika, tena sana. Kisha akasema, 'Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Haya, nenda kauze, masomo yanaanza Agosti.'"

Basi, kaka, nikamwuliza, mbona bado uko kwenye simu?