Ndizi Zilizozeeka Mezani

Kaka Salim,

Mwezi wa Ramadhani uliopita jicho langu la kushoto liliacha kuona. Sasa madaktari wamelitia lenzi mpya, alhamdulillahi, na mvua ya hapa Nyaramba naiona tone kwa tone.

Mama Kerubo, mteja wangu wa siku nyingi, ananiuguza kama mwanawe. Jana nilimsaidia kumenya ndizi za kupika. Nilimenya ishirini upesi, nikazipanga mezani kwa majivuno. Kumi zake alizitia ndani ya maji. Aliporudi na kuni, zangu zilikuwa nyeusi, zake bado nyeupe. Akacheka: "Ai, baba! Zako zimezeeka kabla ya kuolewa. Hewa imezila!"

Mimi sikucheka. Daktari aliniambia hivyo hivyo: hewa inayotuweka hai ndiyo inayotuchakaza polepole, macho, moyo, mishipa, na moshi wa sigara huharakisha. Sisi nani atatutia majini?

Sigara ya kwanza ulinipa wewe. Nimeacha. Wewe bado pakiti mbili kwa siku, na sasa unalalamika taa zina ukungu. Mungu akutunze, nakuhitaji. Utaacha, uende ukapimwe macho? Nipigie Ijumaa ya kwanza ukishapata kadi hii, kabla hujaingia msikitini, uniambie: ndiyo au hapana?

Mdogo wako, Idi