Miraba Arobaini

Kambini, 3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo na mwanangu Chiriku anakula. Mimi mzima, ila uchovu umehamia kwangu na mizigo yake yote. Simu huku haishiki, ndiyo maana naandika.

Uliuliza ni kazi gani hii ya kulipwa kuhesabu majani. Ni hivi: kabla mgodi haujachimba, lazima iandikwe ardhi ilikuwa na mimea gani, ili wakimaliza wairudishe vilevile. Tuna fremu ya mbao, mita moja kila upande. Unageuka, unairusha nyuma yako bila kuangalia, halafu unahesabu kila kilichoota ndani yake. Nimepewa miraba arobaini.

Shangazi, mimi niliangalia. Nilitaka kumaliza upesi nije Jumamosi ya tarehe 14 kama nilivyoahidi, nikawa naielekeza penye majani machache. Nimewatangulia wenzangu wote, na mkuu wetu, mama mmoja mtaalamu wa mimea, amenisifu. Sifa hiyo hainishuki kooni. Kwa hesabu yangu pale ni jangwa. Wenye mgodi wakirudisha jangwa, nani atawauliza?

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo uko palepale, tumeshazoeana. Chiriku anakula kama aliyeambiwa kesho hakupikwi. Jana alimwita muuza mkaa "mama". Mwanamume mzima, na ndevu zake. Tulicheka, kisha mimi nikaacha kucheka.

Miezi miwili sasa hajakuona, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu si gunia la kuwekwa pembeni likangoja. Majani hayana mdomo, hayatakusema. Funika kombe mwanaharamu apite. Njoo Jumamosi.

Shangazi yako


12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu chooni, wenzangu wasinione.

Sitakuja Jumamosi. Nimemwambia mama mtaalamu ukweli. Akauliza, "Mingapi uliichagua?" Nikasema, "Yote." Akafunga daftari. "Basi rudia yote kabla nyasi hazijakauka. Habari ya kibarua chako tutaongea ukimaliza." Kwa hiyo sijui kama kazi ninayo.

Najua unavyotupenda, mimi na mtoto, lakini hapa usinisukume. Majani hayana mdomo, ndiyo maana nimeajiriwa mimi. Mwambie Chiriku mama amechelewa, hajapotea. Mwambie kila siku, hata kama haelewi.

Mwanao


27 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wiki mbili hujajibu. Dereva wa lori la maji, anayetuletea barua, siku hizi akiniona anajifanya anakagua tairi. Kununa nuna, lakini niandikie kama mtoto hajambo.

Nimemaliza leo. Mara ya kwanza niliandika aina kumi na tisa za mimea. Sasa ni hamsini na tatu. Kuna mraba ulioangukia kwenye miiba, nikalala kifudifudi kwa saa mbili nikihesabu vijimea vidogo kama kucha ya mtoto mchanga. Mama mtaalamu alirudia mitano mwenyewe ili anipime, hesabu zikalingana. Akasema, "Msimu ujao utarudi. Ila fremu nitarusha mimi." Nilicheka hadi machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Mgodi ukifungwa, Chiriku atakuwa mtu mzima. Wakimwambia hapa palikuwa patupu, kuna kitabu cha kuwakatalia.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 4.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nilinuna, sikatai. Kila asubuhi nilimwambia mtoto ulivyoniagiza, kisha nikaendelea kununa. Hajambo, ameongeza meno mawili.

Sasa nisikilize. Asipokujua, usilie mbele yake, wala usimkimbilie kumbeba. Kaa mkekani, chambua mboga, usimtazame sana. Atakuja mwenyewe, akuguse goti, akimbie, arudi tena. Inaweza kuchukua siku mbili, pengine nne. Usiharakishe.

Mimi nitakuwa jikoni, najifanya sioni.

Shangazi yako